Kufundisha utafiti wa kisheria: kozi ya peke yake, ndani ya masomo mengine, au mezani kwa mkutubi?

Idara za sheria zinapopanga ratiba ya mwaka mpya wa masomo, utafiti wa kisheria ndio unaobaki mwisho. Mikataba ina mwalimu wake, jinai ina mwalimu wake, katiba ina watatu wanaoigombea. Utafiti anapewa mhadhiri msaidizi aliyeajiriwa juzi, au unasukumwa maktaba kwa maneno ya "nyie mtawaonyesha ile mitandao". Hasara yake inaonekana mwaka wa tatu, mwanafunzi anaposimama kwenye moot, yaani kesi ya kuigiza, akitegemea kifungu kilichokwishafutwa.

Njia za kuifanya kazi hii ni tatu: kozi inayojitegemea, utafiti ulioingizwa ndani ya masomo mengine, na msaada wa mkutubi kwa mwanafunzi mmoja mmoja. Nitazilinganisha kwa macho ya mtu wa Dodoma, kwa sababu mahali chuo kilipo kunabadilisha hesabu. Mimi ni mkutubi wa sheria, kwa hiyo msomaji ajue mapema ninatokea upande gani. Hata hivyo meza ya mkutubi siyo nitakayoiweka nafasi ya kwanza.

Kipimo changu ni kimoja. Mpe mwanafunzi shida ya mteja. Je, atarudi na sheria inayotumika leo, na hukumu ambayo haijatenguliwa, na maelezo ya alikopita hadi akazipata? Hayo maelezo ya alikopita ndiyo yanayomtenga aliyetafiti na aliyebahatisha, na ndiyo tunayoyadai mara chache kuliko yote.

Kesi iliyoanzia hapahapa

Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua shauri la madai namba 5 katika Mahakama Kuu, Dodoma. Pamoja na mambo mengine alipinga sharti la mgombea kudhaminiwa na chama cha siasa. Oktoba 1994 Jaji Lugakingira akampa ushindi kwenye hoja hiyo. Hukumu imechapishwa katika TLR (Tanzania Law Reports, vitabu vya hukumu) ya 1995, ukurasa wa 31, na kila aliyesoma katiba nchini amekutana nayo. Mwanafunzi anayeishia hapo atakuandikia kwa kujiamini kabisa kwamba mgombea binafsi anaruhusiwa Tanzania.

Sasa mfuate anayeendelea. Atakuta Sheria namba 34 ya 1994, Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba, ambayo Bunge liliipitisha mwishoni mwa mwaka uleule na kurudisha sharti la chama. Atakuta Mtikila amerudi mahakamani mwaka 2005, safari hii Dar es Salaam, na Mahakama Kuu imempa tena ushindi mwaka 2006. Atakuta Mahakama ya Rufani imeutengua ushindi huo Juni 2010, ikisema jambo lenyewe ni la Bunge kulimaliza. Halafu atakuta hukumu ya Juni 2013 ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, inayosema Tanzania imekiuka haki za raia kwa kumzuia mgombea binafsi.

Hapo kuna kitabu cha hukumu, sheria ya Bunge, hukumu ya rufani iliyopo mtandaoni, na uamuzi wa mahakama ya kimataifa. Kila kimoja kina mahali pake na namna yake ya kutafutwa. Ukimpa mwanafunzi jina la "Mtikila" peke yake, atakachorudi nacho kitakuonyesha alivyofundishwa.

Dodoma ina nyingine ya namna hiyo. Katika kesi ya Mbushuu, mwaka 1994, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu hapa alisema adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani, Januari 1995, ilikubali kwamba ni adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha, lakini ikaona inaokolewa na ibara ya 30(2), inayoruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma. Hukumu ya kwanza iko TLR ya 1994, ukurasa wa 146, ya pili iko TLR ya 1995, ukurasa wa 97. Maktaba yenye juzuu moja bila nyingine inampotosha msomaji, na wala mkutubi hatajua, kwa kuwa msomaji ataondoka ameridhika.

Kozi ya peke yake

Hii ndiyo iliyozoeleka: muhula mmoja, saa zake kwenye ratiba, mtihani wake mwishoni. Uzuri wake ni wa kiutawala na si wa kubezwa. Kila mwanafunzi anaipitia, alama inaonekana kwenye matokeo, mwalimu anajulikana, na wakaguzi wa mtaala wakija kuna karatasi ya kuwaonyesha. Ndiyo njia pekee kati ya tatu ambayo haitegemei ukarimu wa mtu.

Shida yake ni ya zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wamarekani waliivutania kwenye jarida la wakutubi wao wa sheria. Christopher na Jill Wren walisema kufundisha mwanafunzi majina ya vitabu na yaliyomo ni kazi bure. Afundishwe mchakato, yaani achambue kwanza mambo yaliyotokea, aone hoja ya kisheria iko wapi, ndipo atafute. Robert Berring na Kathleen Vanden Heuvel wakajibu kwamba asiyejua vyanzo vimejengwaje hawezi kujua atafute wapi, hata hoja yake iwe safi namna gani. Nimewasoma wote na naona kila upande una haki yake. Lakini kozi ya peke yake, ikiachwa ijiendee, huangukia kwenye ubaya ambao akina Wren waliulalamikia. Ukumbi una watu mia mbili, projekta moja, na mwalimu anayesoma aina za vyanzo. Mtihani unauliza "tofautisha vyanzo vya msingi na vyanzo vya upili". Jibu lake limo kwenye madesa ambayo yamepita mikononi mwa madarasa kadhaa na bado yanapigwa kopi pale steshenari. Mwanafunzi anapata B na hajawahi kufungua Gazeti la Serikali.

Kuna pia suala la wakati. Kozi hii kwa kawaida inawekwa mwaka wa kwanza, mwanafunzi akiwa bado hajui mikataba wala jinai. Anafundishwa kutafuta kitu ambacho hajajua anakitakia nini. Ikifika mwaka wa tatu anapokihitaji kweli, imebaki kumbukumbu ya kwamba aliwahi kusikia neno HCD, yaani High Court Digest, muhtasari wa hukumu za Mahakama Kuu.

Mwaka 2022 nchi nzima ilijadili matokeo ya Shule ya Sheria ya Tanzania, inayowaandaa wahitimu wa sheria kuwa mawakili, pale ilipotangazwa kuwa waliofaulu moja kwa moja ni 26 kati ya 633. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Wapo waliovilaumu vyuo vikuu, wapo walioilaumu shule yenyewe. Sitaingia humo. Ninachochukua ni kimoja tu: kule mtu anatarajiwa kufanya kazi ya wakili kwa jalada lililo mbele yake, na madesa ya fasili hayamsaidii kwenye jalada.

Kama idara haina budi kubaki na kozi ya peke yake, na nyingi hazina budi, mambo mawili yanaipa uhai. La kwanza, ihamishwe mwaka wa pili. La pili, nusu ya alama zitoke kwenye daftari la utafiti badala ya mtihani. Daftari hilo ni kitu cha kawaida sana: tarehe, mahali ulipotafuta, maneno uliyotumia, ulichopata, ulichokiacha na sababu ya kukiacha. Mwanafunzi anaweza kunakili jibu la mwenzake, lakini kunakili safari ya mwenzake bila kugundulika ni kazi kubwa kuliko kuifanya mwenyewe.

Ndani ya masomo mengine

Hapa utafiti hauna kozi yake. Unakaa ndani ya ardhi, ndani ya jinai, ndani ya sheria za kazi, kama kazi ya kuandika yenye alama.

Chukua ardhi. Mhadhiri anatoa shida hii: mkazi wa kijiji kimoja wilayani Chamwino ameondoka kwenda kuuguza mzazi Singida, amerudi baada ya misimu miwili na kukuta serikali ya kijiji imelitoa shamba lake kwa mtu mwingine. Anauliza aanzie wapi na adai nini. Muda ni wiki mbili, kurasa tatu, na daftari la utafiti kama kiambatisho.

Mwanafunzi atafungua Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114, kisha kanuni zilizotungwa chini yake, kisha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216. Mtego uko kwenye hiyo ya mwisho. Kitabu cha kiada kilichochapishwa kabla ya 2021 kitamwambia kwamba Baraza la Kata linasikiliza na kuamua. Marekebisho ya 2021 yaliliondolea Baraza uwezo wa kuamua, limebaki kusuluhisha. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya nalo halipokei shauri mpaka Baraza la Kata lithibitishe kuwa usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila suluhu. Anayemshauri mteja kwa kitabu cha zamani anampeleka kutafuta uamuzi mahali pasipo na mamlaka ya kuutoa. Mteja atapoteza miezi, pengine na msimu wa kilimo.

Somo hilo mwanafunzi halisahau. Amekosea kwenye kitu chenye sura ya mtu, na mhadhiri wa ardhi, ambaye anajua mtego ulipo, ndiye aliyemwonyesha. Mkutubi peke yake asingeweza kuutega vizuri hivyo. Hii ndiyo sababu ninaiweka njia hii mbele ya nyingine.

Gharama yake nayo isifichwe. Darasa la watu 200, ukitumia dakika 15 kwa kila kazi, ni saa 50 za kusahihisha kwa kazi moja. Mhadhiri mwenye masomo matatu atakuambia haiwezekani, na atakuwa anasema kweli. Makundi ya watu wanne yanashusha idadi hadi kazi 50, lakini yanazaa abiria: mmoja anatafiti, watatu wanaandika majina. Dawa ninayoijua ni andiko liwe la kundi na daftari liwe la kila mtu. Madaftari hayasomwi yote. Yanavutwa machache bila mpangilio, na kila mmoja anajua kwamba lake linaweza kuvutwa.

Udhaifu wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Kila mhadhiri anadhani mwenzake ndiye aliyefundisha mambo ya msingi. Mwanafunzi anaonyeshwa namna ya kufungua TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, mara nne, na hakuna hata mmoja aliyemwonyesha namna ya kujua sheria imeanza kutumika lini. Kwa hiyo idara inayochagua njia hii lazima ikae kikao kimoja na kugawana: jinai itabeba kufuatilia hukumu kutoka Mahakama Kuu hadi Rufani, ardhi itabeba marekebisho na sheria ndogo, katiba itabeba vyanzo vya kimataifa. Kisichogawanywa kwa maandishi hakitafundishwa na mtu.

Na kuna la tatu, ambalo watu hawapendi kulisema vikaoni. Wapo wahadhiri ambao utafiti wao wenyewe umesimama kwenye vitabu walivyosomea. Kuwataka wafundishe utafutaji mbele ya vijana wenye simu janja ni kuwaweka pabaya. Hapo mkutubi anaingia darasani pamoja nao, bila kelele, na heshima ya kila mtu inabaki.

Mezani kwa mkutubi

Njia ya tatu inamngoja mwanafunzi aje na shida yake. Faida yake ni wakati: anakuja siku anayohitaji, akiwa na swali halisi, na dakika 20 mezani zinaingia kichwani kuliko mhadhara wa saa mbili. Mkutubi mzuri haanzi kwa kujibu. Anauliza, "Umeshatafuta wapi?" na anaendelea kutokea hapo.

Lakini wanaokuja mezani ni walewale. Ni wale ambao wangefaulu hata kama maktaba ingefungwa. Aliye taabani anaona aibu, au hajui kama yuko taabani. Meza haina alama, haina mahudhurio, na mkutubi akienda likizo huduma yote imekwenda naye. Wakutubi wengi kwenye vyuo vyetu pia walisomea ukutubi bila sheria, na wamejifunza tofauti ya kanuni na amri kwa kupambana nayo kazini. Tena kishawishi cha kumtafutia mwanafunzi badala ya kumfundisha ni kikubwa, hasa foleni ikiwa ndefu na mwisho wa kukabidhi kazi ni saa kumi.

Kwa hiyo meza ni nyongeza nzuri sana. Ikiachwa peke yake, ni sadaka kwa wasioihitaji.

Vifaa: hapa fedha nyingi hupotea

Vikao vingi hutumia muda kwenye vifaa kuliko kwenye mafundisho, na mara nyingi hoja inakuwa kununua mfumo wa kulipia wa nje. Nianze na cha bure.

TanzLII inaendeshwa na Mahakama ya Tanzania, na kwa hukumu za karibuni haina mpinzani. Kila hukumu ina namba yake: mwaka kwenye mabano ya mraba, herufi TZCA kwa Mahakama ya Rufani au TZHC kwa Mahakama Kuu, kisha namba. Haimtaki mwanafunzi nywila wala ada, na hukumu inapakuliwa mara moja ikasomwa baadaye bila bando, jambo ambalo aliyeishi hosteli wakati bumu limechelewa analielewa vizuri. Upungufu wake uko kwenye hukumu za zamani, ambazo hazijaingia zote. Na isitegemewe kukuonya kama hukumu imetenguliwa, kama mifumo ya kulipia inavyoweka alama. Mwanafunzi afundishwe kulitafuta upya jina la kesi kwenye hukumu za Mahakama ya Rufani za miaka iliyofuata, kila mara, hata akiwa na uhakika. Tangu marekebisho ya 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, afundishwe pia kutafuta kwa lugha zote mbili, maana hukumu ya 2012 na ya 2024 kuhusu jambo lilelile zinaweza zisikutane kwenye neno moja la utafutaji.

Vitabu vya hukumu bado vina kazi. Hukumu za Afrika Mashariki zinazonukuliwa kwa herufi EA, HCD ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, LRT (Law Reports of Tanzania) na TLR: mahakama bado zinazinukuu. Maktaba isiyo nazo impe mwanafunzi orodha ya zinakopatikana kuliko kujifanya hazipo.

Vitabu vya sheria zenyewe ni habari nyingine. Toleo la Urekebu la 2023, yaani sheria za nchi zilizopangwa upya pamoja na marekebisho yake, lilizinduliwa hapa Dodoma Aprili 2025 na likaanza kutumika Julai 1 mwaka huohuo. Urekebu unaweza kubadili namba za vifungu, kwa hiyo hukumu ya 2018 inayotaja kifungu fulani inaweza kuwa inazungumzia maneno ambayo leo yamehamia kifungu kingine. Mwanafunzi aandike toleo kila anapotaja Sura, na mhadhiri amkate alama asipoandika. Ni adhabu ndogo inayoleta nidhamu haraka.

Mifumo ya kulipia, kama LexisNexis, Westlaw na HeinOnline, ina nguvu kwenye hukumu na majarida ya nje. Ni ya maana kwa shahada za uzamili. Kwa shahada ya kwanza ya sheria za Tanzania, mahitaji mengi yanamalizwa na TanzLII, Kenya Law kwa hukumu za jirani, na BAILII kwa za Uingereza, zote bure. Kabla ya kusaini mkataba wowote, maktaba iulizie GOALI. Huo ni mpango uliozinduliwa mwaka 2018 ukiongozwa na Shirika la Kazi Duniani, na maktaba za sheria za Cornell na Yale zikishiriki, unaofungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo machapisho ya sheria bure au kwa ada ndogo. Waulizwe pia COTUL, muungano wa maktaba za vyuo vikuu nchini, kuna nini tayari kinachonunuliwa kwa pamoja. Si ajabu kukuta chuo kinataka kulipia kitu ambacho tayari kina haki ya kukitumia.

Programu za akili mnemba zimeshaingia madarasani, tupende tusipende. Mwaka 2023, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca huko New York, mawakili walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hukumu zilizobuniwa na ChatGPT. Kuzipiga marufuku hakusaidii. Kinachosaidia ni kanuni moja: hakuna hukumu inayoingia kwenye kazi bila mwanafunzi kuifungua mwenyewe na kutaja ukurasa au aya anayoitegemea. Kwa hukumu za hapa nyumbani, kuhakiki namba ya TZCA kunachukua dakika moja.

Ukiwa Dodoma

Vyuo vya hapa vina kitu ambacho hakuna mfumo wa kulipia unaokiuza. Bunge liko mjini. Tume ya Kurekebisha Sheria iko mjini. Jengo la makao makuu ya Mahakama lilizinduliwa Aprili 2025. Mwanafunzi anayetoka Chuo Kikuu cha Dodoma kwa daladala anaweza kukaa kwenye kikao ambacho kamati ya Bunge inasikiliza maoni ya wadau kuhusu muswada, na jioni akausoma muswada huohuo kwenye tovuti ya Bunge.

Hilo lina thamani ya kitafiti, siyo ya utalii. Mwisho wa kila muswada kuna sehemu inayoitwa Madhumuni na Sababu. Ukiisoma pamoja na Hansard, kumbukumbu rasmi za majadiliano ya Bunge, ya siku muswada ulipojadiliwa, unajua kifungu kilibadilishwa kwa nini, jambo ambalo sheria yenyewe haisemi. Mpe mwanafunzi kifungu kimoja kilichorekebishwa na umtume atafute sababu yake. Kazi hiyo hainakiliki kirahisi, na kwa chuo cha Dodoma gharama yake ni nauli.

Njia ya pili, ya kuingiza utafiti ndani ya masomo, ndiyo inayonufaika zaidi na ukaribu huu, kwa sababu mhadhiri wa katiba au wa ardhi anajua muswada upi unamhusu. Kozi ya peke yake huishia kufanya ziara moja ya basi na picha ya pamoja.

Uchague ipi

Kama darasa lako halizidi watu 60 na una wahadhiri wawili au watatu walio tayari, ingiza utafiti ndani ya masomo yao na uifute kozi, au uibakize kama saa chache za kufungulia mwaka wa kwanza zikifundishwa na mkutubi. Gawaneni stadi kwa maandishi.

Kama darasa ni la mamia na wahadhiri wamelemewa, usijidanganye. Baki na kozi, ihamishie mwaka wa pili, na somo moja tu, mojawapo ya ardhi au jinai, libebe kazi moja ya utafiti kwa mwaka. Kazi moja iliyosahihishwa vizuri inashinda nne zilizopigwa tiki.

Kama huna mhadhiri wa kozi wala aliye tayari kuingiza, hapo ndipo meza ya mkutubi inakuwa kimbilio. Ifanye iwe ya lazima kwa namna fulani: kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu aje mara moja na daftari lake la utafiti kabla ya kukabidhi pendekezo la tasnifu, na sahihi ya mkutubi iwe sharti la kupokelewa.

Fedha zikiwa kidogo, ziende kwanza kwa mtu. Mkutubi mmoja anayelipiwa masomo ya sheria jioni, au mhadhiri msaidizi anayepunguziwa kipindi kimoja ili asahihishe madaftari, anazaa matunda kuliko nywila ya mfumo wa nje ambao wanafunzi kumi wataufungua. Na idara ikishamteua mtu huyo, iandike jina lake kwenye ratiba pamoja na saa zake, maana kazi isiyo na saa kwenye ratiba huwa ya kwanza kuahirishwa mitihani ikikaribia.